Usiache kalipa ining'inie kwenye mpira wa breki

Pita gereji yoyote ya chini ya mwembe, Tabata au Mbagala, utaikuta. Gari iko juu ya jeki, tairi limelazwa pembeni, na kalipa, ile sehemu ya breki inayobana pedi kwenye diski, inabembea hewani, imeshikwa na mpira wake tu kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Fundi ameshughulika na diski, lile sahani la chuma linalozunguka pamoja na tairi, na kalipa hana habari nayo. Hilo jambo linanikera sana, na leo naomba niliseme lote.

Mpira wa breki haukuundwa kubeba mzigo. Umeundwa kupitisha mafuta ya breki yenye shinikizo kali huku ukijikunja kufuata usukani na mashimo ya barabara. Nimewahi kuukata mmoja nikauangalia: ndani kuna mrija laini unaogusana na mafuta, katikati kuna nyuzi zilizosukwa ili usivimbe unapokanyaga pedali, na juu kuna ganda gumu la kuzuia jua, mchanga na maji. Kalipa ya gari ndogo ina uzito wa kilo kadhaa. Ikining'inia, uzito wote unavuta pale mpira unapoingia kwenye kichwa chake cha chuma, na hapo unajikunja kwa pembe ambayo haujawahi kukunjwa barabarani. Mrija wa ndani unaweza kuchanika, nje ukabaki mzima. Ndiyo maana watu hawaamini.

Mimi niliamini nikiwa mlima Kitonga. Nilikuwa na Toyota Premio, na miezi michache kabla ya safari nilibadilishiwa diski za mbele kwenye gereji moja hapa Dar. Nilisimama pale pale nikaiona kalipa ya kushoto ikining'inia karibu saa nzima, nikanyamaza kwa sababu nilidhani fundi anajua kuliko mimi. Gari ilikuwa ya zamani, na mpira ulikuwa ule ule iliyotoka nao Japani. Mpira mzee ndio usiovumilia kabisa.

Nikitokea Iringa, nilianza kuteremka mlima nikaona usukani unavuta kushoto hata nikiwa sijakanyaga breki. Baadaye ikaja harufu ya kuungua. Kufika bondeni, pedali ilikuwa imelainika, inakwenda chini zaidi ya kawaida. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanahimili nyuzi 205 za Selsiasi kabla hayajachemka. Lakini yananyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya vya kutosha yanaweza kuanza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Gurudumu linaloburuza breki mlimani linafika huko bila shida, na mafuta yakichemka unakuwa unakanyaga mvuke. Watoto walikuwa wamelala kiti cha nyuma.

Ruaha Mbuyuni, jirani na wauza vitunguu, mzee mmoja fundi alisubiri gurudumu lipoe, akainua gari, akajaribu kuzungusha tairi kwa mkono. Halikutikisika. Akalegeza maungio ya juu, pale mpira unapokutana na bomba la chuma. Yalitoka matone tu, tairi likabaki limekaza. Akaja chini kwenye kalipa, akalegeza nati ndogo ya kutolea hewa. Mafuta yakaruka, na tairi likazunguka lenyewe.

"Kijana," akaniambia, "kalipa haina kosa, pampu haina kosa. Huu mpira umekuwa mlango wa upande mmoja."

Kipande cha mrija kilikuwa kimechanika ndani kikalala kama ulimi. Mguu ukikanyaga pedali, shinikizo linakisukuma na mafuta yanapita. Ukiachia, kinaziba njia, na pedi zinabaki zimebana diski. Mpira mpya ulinifikia kwa basi kutoka Iringa siku iliyofuata.

Tangu hapo kazi ya diski naifanya mwenyewe nyumbani, na namshauri kila mwenye spana na uvumilivu afanye hivyo, ili mradi aelewe hatari iko wapi. Watu wengi wamezoea kubadilisha pedi. Kwa pedi, kwenye gari nyingi unafungua bolti moja ya chini, unainua kalipa juu kama kifuniko, nayo inabaki imeegemea pini ya juu. Diski ni habari nyingine, kwa sababu lazima ile fremu inayoshika pedi nayo itoke. Fremu ikitoka, kalipa haina tena pa kukaa, na mikono yako yote miwili ina kazi. Kosa linazaliwa hapo.

Kwa hiyo kabla sijagusa bolti ya kwanza, nakata waya. Henga ya nguo ya chuma inatosha kabisa. Naupinda uwe kama herufi S, ncha moja naitundika kwenye springi ya shokapu, nyingine inasubiri. Gari naipumzisha kwenye stendi, siiachi juu ya jeki peke yake, na tofali silitaki kabisa. Usukani naupinda ili kalipa ije usoni kwangu. Bolti ya mwisho ikitoka, mkono wa kushoto tayari umeishika kalipa, na inakwenda moja kwa moja kwenye waya. Mpira lazima ulegee, uchore tao pana. Ukiuona umenyooka, pandisha waya. Angalia pia waya wa sensa ya ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu; mara nyingi unapita jirani hapo hapo na unakatika kirahisi.

Diski ikiwa imeng'ang'ania kwa kutu, watu wanachukua nyundo. Nyundo ikiteleza inapiga mpira au bomba. Diski za Toyota nyingi zina matundu mawili madogo yenye meno: weka bolti mbili za milimita 8, zikaze kidogo kidogo kwa zamu, diski itajisukuma yenyewe. Kwetu pwani, chumvi ya bahari inakaza kila kitu, na matundu hayo yameniokoa mara nyingi.

Wapo wanaofungua mpira kabisa ili kalipa iwe huru. Hakuna sababu. Kubadilisha diski hakuhitaji kufungua njia ya mafuta hata kidogo. Ukifungua umeingiza hewa, utatakiwa kuitoa, na zile washa mbili za kopa zinazoziba pale mpira unapofungwa kwenye kalipa lazima ziwe mpya la sivyo zitavuja. Bomba la chuma lenye nati iliyoota kutu ndilo baya zaidi, maana nati inazunguka pamoja na bomba na bomba linajisokota. Na tafadhali, usiubane mpira kwa plaiza ya kujifunga eti mafuta yasimwagike. Umeuvunja kwa mkono wako.

Wakati wa kurudisha, hakikisha kalipa haijapinduka ikapita ndani ya tao la mpira wake. Mipira mingine ina mstari mrefu au maandishi juu yake. Mstari ukizunguka kama kamba iliyosokotwa, toa kalipa uigeuze. Pistoni, ile inayosukuma pedi ndani ya kalipa, irudishe taratibu ukiangalia kikopo cha mafuta kisifurike, maana mafuta hayo yanakula rangi ya gari.

Nikiwaambia mafundi haya, jibu ni moja: "Bosi, tumefanya hivi miaka yote." Nawaheshimu, kazi yao ni ngumu na nimejifunza mengi kwao. Lakini mpira hauchaniki mbele ya fundi. Unachanika mbele ya mwenye gari, kilomita mia tano baadaye, na fundi hapati habari. Siku hizi nikipeleka gari ya ndugu yangu gereji, naenda na waya mfukoni. Namwambia, "Fundi, tundika hapa, nisaidie," na hakuna aliyewahi kukataa.

Kazi ikiisha, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kabla gari haijasogea hata hatua. Shusha gari, pinda usukani mpaka mwisho kulia, kisha mwisho kushoto, ukiangalia kila upande kama mpira unagusa tairi au unavutika. Endesha taratibu mtaani dakika kumi, simama, usogeze kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Zote mbili ziwe na joto moja.