Siku Jua Lilipotua Mashariki

Darubini yangu ni 10x42: inavuta kitu cha mbali mara 10, na kila lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Uzito wake ni gramu 750 hivi. Ukiishika mkononi unajiuliza, hiki nacho ni mzigo? Ining'inize shingoni saa sita, panda shuka, ndipo utaelewa kwa nini ng'ombe mwenye kengele huwa na uso ule. Mkanda mwembamba unaokuja na darubini unabebesha uzito wote kipande kidogo cha nyuma ya shingo, na kila hatua unakigonga. Ukiinama kuokota kitu, darubini inatangulia kufika chini. Jioni ya safari yangu ya kwanza ya kuwinda, mtu akiniita kutoka pembeni nilikuwa nageuka mwili mzima kama fisi.

Aliyekuwa akiniita ni shemeji, kaka wa mke wangu, mwindaji wa kweli kati yetu wawili. Darubini yake ni kuukuu, ndogo, 8x32. Mkanda wake wa kawaida ameurefusha akauvaa mshazari, kutoka bega la kushoto hadi ubavu wa kulia, darubini imelala chini ya kwapa. Nikamwona mshamba.

Safari ya pili nikaja na hanesi ya lastiki. Ni mikanda miwili inayopita juu ya mabega, inapishana mgongoni kwenye kibamba cha ngozi, kisha inarudi chini ya makwapa hadi kwenye vitundu vya pembeni mwa darubini. Kazi yake ni kuuhamisha uzito kutoka shingoni kwenda mabegani na mgongoni, na lastiki inavutika ili uweze kuinua darubini hadi machoni. Wazo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba niliifunga mbele ya kioo.

Kwenye kioo, darubini iliyokaa juu karibu na koo inapendeza sana, unaonekana jemadari. Kwa hiyo nikakaza. Nikakaza tena. Kibamba, ambacho kinatakiwa kukaa katikati ya mafupa ya mabega, vidole vitatu hivi chini ya ule mfupa wa shingo uliochomoza, kikapanda hadi juu ya mfupa wenyewe. Na lastiki ikamaliza mvuto wake wote kabla sijaanza kazi. Huko porini kila nilipoinua darubini ilikuwa inavutana nami kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Mikono inatetemeka, na kwa kuwa darubini inakuza mara 10, inakukuzia na mtetemo wako mara 10. Niliona kilima kikicheza ngoma.

Lastiki ikiwa imelegea, darubini inatakiwa ipumzike kwenye mfupa wa kifua, na ukiipeleka machoni usikie mvuto mdogo tu. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile shemeji alisema, "Hebu nami nitazame." Hanesi nyingi zina vishikizo vya kubana na kuachia ili umpe mwenzako darubini bila kuvua kitu. Vyangu vilikuwa vimekazwa hadi vimejificha ndani ya mikunjo ya shati. Nikaona isiwe taabu, nikamsogezea kifua. Shemeji akainama, shavu lake likagusana na langu, akaivuta darubini hadi machoni pake. Tulikaa hivyo kama dakika nzima, watu wazima wawili wamegandana vichakani, huku nikiomba Mungu asipite mtu.

"Nimemwona," akasema kwa furaha. Akaiachia.

Gramu 750 zikivutwa na lastiki mbili hazirudi polepole. Zilinipiga mdomoni, zikashuka kidevuni, zikamalizia kifuani. Shemeji alisema "pole" akiwa amekaa chini, kwa sababu miguu ilimwishia nguvu kwa kucheka.

Safari ya tatu nikaacha lastiki, nikaja na mfuko wa kifuani. Huu ni mfuko mgumu wenye mfuniko, umeshikwa na mikanda ya mabegani na mingine miwili inayozunguka mbavu. Darubini inakaa ndani, haipigwi na vumbi wala mvua, na hata ukitambaa haichezi. Mfuniko wake ulifungwa kwa velkro, vile vipande viwili vya kitambaa vinavyonatana na kulia ukivibandua. Sina mengi ya kusema juu ya velkro. Mnyama alisimama hatua themanini mbele yetu, upepo unatujia usoni, kimya kama cha msibani. Nikashika mfuniko. Chwaaaaa! Shemeji hakunitazama. Alitazama tu pale mnyama alipokuwa, akahesabu kwa vidole saa tulizotembea tangu alfajiri.

Ndiyo maana safari ya nne nilikuja nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilichagua mfuko wenye mfuniko wa sumaku, kwa sababu sumaku hufunguka bila sauti na hujifunga yenyewe ukiuachia mfuniko. Zipu nayo ni kimya ukiwa na subira, lakini inadai mikono miwili, na mkono mmoja huwa una kazi nyingine.

Safari hii sikutaka kioo. Kwanza niliipima darubini ikiwa na vikombe vya macho, zile pete za nyuma unapoegemeza macho, vimetolewa nje, maana hakuna anayekumbuka kuvirudisha ndani kila mara. Wengi hupima vikiwa vimefungwa, kisha mfuniko unagoma kufika mwisho. Mfuko ukiwa mkubwa kupita kiasi, darubini inagonga kuta zake kama punje ndani ya kayamba. Nikauweka upande wa juu wa mfuko kiasi cha kiganja kimoja chini ya mitulinga. Ukipanda zaidi unakuziba usione unapokanyaga. Ukishuka zaidi, magoti yanaugonga kwenye mlima mkali na ukikaa unakalia tumboni.

Kisha nikavaa kila kitu kwa mpangilio wa porini: shati, sweta, hanesi, halafu begi la mgongoni juu yake, ili begi likivuliwa wakati wa kupumzika darubini ibaki mwilini. Hapa ndipo watu wengi huumia bila kujua sababu. Hanesi ikiwa peke yake ni laini, lakini begi la kilo kumi likikandamiza bizimu ngumu iliyo mgongoni, baada ya saa moja unahisi mtu amekuwekea kokoto. Tafuta kibamba bapa, na bizimu za kurekebishia ziwe mbele au ubavuni. Mkanda wa kifua wa begi nao upite juu ya mfuko au chini yake. Ukipita katikati, mfuniko haufunguki. Bega la kulia, pale kwenye bonde linapokaa kitako cha bunduki, nikahakikisha hapana ukingo wa mkanda wala kishikizo. Nikachuchumaa. Nikainama kama nakunywa maji mtoni, nikaona vikamba viwili vifupi vinavyounganisha darubini na mfuko vimeidaka vizuri. Mwishowe nikatambaa, kwa mikono na magoti, begi mgongoni, kuzunguka sebule.

Sikujua mke wangu ana wageni. Walisimama mlangoni na vikombe vyao. Usiku ule alimpigia kaka yake simu, nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Umwangalie huko, tafadhali."

Kwa hiyo mfuko ulinikaa kama ngozi. Nilijisifu njia nzima. Jioni ya kwanza kambini nikagundua hata una kijifuko chembamba mbele, nyuma tu ya mfuniko, kipana kiasi cha kutosha dira. Nikaitia dira humo. Ililala humo usiku kucha, ikiwa imebanana na sumaku.

Najua wewe umeshaelewa. Mimi sikuelewa.

Asubuhi kulikuwa na wingu zito. Tulifuata mto kuelekea kaskazini, kisha tukauacha kufuata nyayo, tukapita mabonde mawili au matatu, nyayo zikapotelea kwenye mawe. Saa tisa alasiri shemeji akasema turudi. Kambi ilikuwa kusini. Nikatoa dira kwa madaha, nikailinganisha ncha nyekundu na alama ya kaskazini, nikaonyesha kusini kwa kidole kilichonyooka. Tukaondoka.

"Shemeji," akasema baada ya nusu saa, "huu mteremko mbona asubuhi hatukuupanda?"

"Tunakata njia fupi."

Baada ya nusu saa nyingine: "Shemeji, kambi yetu ilikuwa na mlima nyuma yake. Huu mlima naona uko mbele."

"Dira haina undugu na mtu," nikamjibu. "Haisemi uongo."

Akanyamaza. Ana heshima mtu yule. Saa kumi na moja jioni wingu likapasuka na jua likatokea, limeinama, jekundu, upande wetu wa kulia. Mtu anayekwenda kusini jioni, jua linatakiwa liwe kushoto kwake au kulia kwake? Nilikuwa bado nahesabu wakati shemeji ananishika bega na kunigeuza taratibu. Kulia, ndiyo, kulia ni sawa kwa mtu anayekwenda kusini. Lakini ilikuwa bahati tu: nilikuwa nimeishika dira juu ya mfuko, sindano inayumbayumba, na kwa dakika ishirini zilizopita nilikuwa nimetuzungusha kama ng'ombe wa kukamua ufuta. Akaichukua dira, akaiweka juu ya kisiki, akanirudisha nyuma hatua kumi, mimi na kifua changu. Sindano ikatulia. Kisha akasoma.

"Shemeji," akasema polepole, "hapa panasema jua leo linatua mashariki."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Inategemea na msimu."

Yalikuwa makosa mawili kwa pamoja. La kwanza ni la kawaida: sumaku ikiwa karibu inaivuta sindano, na ukiitenga dira inapona. Ndiyo maana dira husomwa mbali na bunduki, simu na mifuniko ya namna hii. La pili ndilo baya. Sumaku yenye nguvu ikikaa imegusana na dira inaweza kuigeuza sindano ncha zake, nyekundu ikawa inaelekea kusini. Hiyo haiponi kwa kutengwa. Kwenye kisiki, mbali na chuma chochote, ncha nyekundu ilikuwa imeelekea kusini imetulia kabisa, kama shahidi aliyefundishwa. Kwa zaidi ya saa moja nilikuwa nimetupeleka kaskazini, na huko mwishoni tukazunguka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," shemeji akasema, akanigonga mfuniko.

Dawa yake ni sumaku hiyohiyo. Unaiinamisha dira hadi sindano ikwame kwenye kuta za kifuko chake isizunguke. Unatafuta upande wa sumaku ambao ncha nyekundu iliyopotoka inaukimbia, unaupitisha juu ya plastiki kuanzia katikati ya sindano hadi kwenye ncha nyekundu, unaunyanyua mbali, unaanza tena. Sumaku ya mfuniko imeshonewa ndani ya kitambaa, upande wa ndani ukivuta, wa nje unasukuma. Mimi nilianza na ule unaovutana na ncha nyekundu, kwa kuwa ulionekana una upendo. Huo unalikaza kosa. Shemeji akafungua mikanda yangu yote, akanipa darubini niishike, akautandaza mfuko juu ya goti lake, akapitisha dira upande wa pili mara kumi na tano hivi. Tukaitazama: uso kwenye jua linalotua, kaskazini mkono wa kulia. Ncha nyekundu ikaelekea kulia, kwa aibu.

Tulifika kambini saa nne usiku kwa taa za kichwani, dira ikiwa mfukoni mwa suruali ya shemeji. Njiani hakuniambia neno, isipokuwa tulipovuka mto aliuliza kama maji nayo msimu huu yanapanda mlima.

Alfajiri niliamka wa kwanza. Nikavaa mfuko, nikatoka nje ya hema, na pale, ng'ambo ya mto, akasimama dume lenye pembe ambazo sijawahi kuziona. Upepo unanijia. Nikapandisha mkono polepole, nikafungua mfuniko. Hapakusikika hata mchakacho. Sumaku ni kitu kizuri, jamani. Nikatia mkono ndani.

Mfuko ulikuwa mtupu.

Nikageuka. Shemeji alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, darubini yangu ameifunga kwa kamba ya hema, ameivaa mshazari, bega la kushoto hadi ubavu wa kulia, na ameielekeza ng'ambo. Usiku, kwa uchovu, nilikuwa nimeiacha kando ya moto.

"Uzuri wake, shemeji," akanong'ona bila kuitoa machoni. "Unataka kutazama?"

Nikaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, nikatikisa kichwa.