Saudi Arabia: ngano ya jangwani na bei ya mafuta

Mwaka 1992 Saudi Arabia, nchi isiyo na hata mto mmoja wa kudumu, ilivuna takriban tani milioni 4 za ngano ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Huko Qassim na Al-Jawf mabomba marefu yenye magurudumu yalizunguka visima kutwa kucha, kila bomba likinywesha duara la kijani katikati ya mchanga. Maji yalivutwa kutoka mamia ya mita chini ya ardhi, ambako yalikaa tangu enzi Uarabuni ilipopata mvua za kutosha, maelfu ya miaka iliyopita. Mvua za sasa haziwezi kuyarudisha. Lakini serikali ilinunua ngano hiyo kwa bei iliyopita mbali ile ya soko la dunia, dizeli ya pampu ilikuwa rahisi mno, na maji yenyewe yalikuwa bure. Ilipofika 2008 ikaamua kupunguza ununuzi mwaka hadi mwaka, na 2016 ikaacha kabisa.

Tunapozungumzia utegemezi wa mafuta katika nchi za Ghuba, macho huwa kwenye meli zinazotoka. Mimi naona ugonjwa mkubwa zaidi uko ndani, kwenye bei. Hadi mwisho wa 2015 lita ya petroli ya kawaida Saudi Arabia iliuzwa riyal 0.45. Kila kiangazi mafuta ghafi, ambayo yangeuzwa nje kwa dola, huchomwa kwenye mitambo ya umeme ili viyoyozi viendelee, na nishati nyingi huenda kwenye kuondoa chumvi katika maji ya bahari.

Wanaotetea bei hizo wana hoja nzito. Mafuta ni mali ya taifa, kwa nini mwenye mali auziwe kama mgeni? Tena joto linapopita nyuzi 45, kiyoyozi si anasa. Na sisi wa Afrika Mashariki hatuna ubavu wa kuwaambia wafunge visima vya mafuta: mwaka 2023 Kenya iliingia mkataba na kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ili ipate mafuta kwa mkopo.

Hata hivyo, bei ya chini humfaidi zaidi mwenye magari matano na jumba la vyumba ishirini. Ndiyo maana nayapa uzito mageuzi ya 2018 kuliko mitambo ya jua ya Sakaka na Sudair inayopigwa picha kila siku. Januari mwaka huo petroli ya oktani 95, ile ya daraja la juu, ilipanda kutoka riyal 0.90 hadi 2.04. Mwezi mmoja kabla, familia za kipato cha chini na cha kati zilikuwa zimeanza kulipwa fedha taslimu kufidia makali hayo. Miaka miwili nyuma bili za maji zilipandishwa bila maandalizi kama hayo, watu wakalalamika, na waziri wa maji akaondolewa. Kasoro ya fidia ni kwamba ililenga raia. Kibarua wa kigeni, wakiwemo vijana wetu walioko Riyadh na Jeddah, alipandishiwa bei bila kupewa chochote.

Mzigo wa maji nao umehamishiwa kwingine. Mwaka 2014 kampuni ya maziwa ya Almarai ilinunua mashamba Arizona, Marekani, ili kulima majani ya ng'ombe wake, na huko pia visima vinachimbwa jangwani.

Nchi hiyo imeahidi nusu ya umeme wake utoke kwenye nishati jadidifu ifikapo 2030. Ahadi ni njema, ila mimi naangalia vituo vya mafuta. Julai 2021 serikali iliweka ukomo wa bei ya petroli na kubeba yenyewe kinachozidi, hivyo soko la dunia lilipopanda 2022, dereva wa Riyadh hakuguswa. Dizeli, kwa upande wake, ilipandishwa hadi riyal 1.15 Januari 2024, kisha 1.66 Januari 2025. Kwa nchi iliyokausha maji yake kwa pampu za dizeli, hatua hiyo ilichelewa miaka arobaini.