Tumbili au paka? Mzozo wa Wahindu wa kusini kuhusu ukombozi wa roho

Tumbili akikimbia hatari, mwanawe humng'ang'ania tumboni kwa mikono yake mwenyewe, akiachia, ameanguka. Paka humng'ata mwanawe ngozi ya shingo akamhamisha, na kitoto hakina la kufanya ila kulegea. Kwa mifano hii miwili wanazuoni wa Kihindu wa nchi ya Watamili, kusini mwa India, wamebishana karne na karne: roho inapofunguliwa kutoka katika mzunguko wa kufa na kuzaliwa upya, kazi hiyo ni ya nani? Kundi la Vadakalai, yaani la kaskazini, linasema roho haina budi kushika. Kundi la Tenkalai, la kusini, linasema Mungu ndiye abebaye.

Wote ni waumini wa Vishnu, ambaye kwao ndiye Mungu mkuu, wote wanamfuata mwalimu mmoja, Ramanuja, lakini utawajua kwa paji la uso. Tenkalai huchora alama yenye umbo la Y inayoshuka hadi juu ya pua, Vadakalai umbo la U. Katika hekalu la Varadaraja mjini Kanchipuram wamepelekana mahakamani tangu enzi za Waingereza, wakigombea nani mwenye haki ya kuongoza visomo. Ni rahisi kucheka. Ila ukiziweka kando kesi na rangi za usoni, unabaki na swali ambalo sidhani kama dini yoyote imelikwepa.

Katika fikra za Kihindu mwanadamu ana malengo manne: kutimiza wajibu, kupata mali, kustarehe, na juu ya yote moksha, kufunguliwa. Kinachomfunga ni karma. Kila tendo lina matokeo yake, na matokeo hayo hayaishi katika uhai mmoja, hivyo mtu hurudi duniani kuyapokea. Hata wema hufunga, kwa sababu thawabu nayo inahitaji mwili wa kuionja. Tatizo linaonekana mara moja: ikiwa matendo ndiyo pingu, utafanya tendo gani ili uzivunje?

Shankara, mwanafalsafa anayewekwa na wengi katika karne ya 8, alijibu kwamba hakuna tendo kama hilo. Roho na Brahmani, ule uhalisi mmoja usio na wa pili, ni kitu kimoja tangu hapo. Kifungo ni kutojua tu, na kutojua huondolewa na maarifa. Katika Upanishadi ya Chandogya, sehemu ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, mzee Uddalaka anamwambia mwanawe Shvetaketu, tena na tena, "Wewe ndiwe hilo." Ni jibu linalovutia kwa usafi wake, lakini lina bei. Maarifa hayo yamo katika Veda, na Shankara, katika ufafanuzi wake wa Brahma Sutra, kitabu cha kanuni fupi za mafundisho ya Upanishadi, alikubali kwamba Mshudra, mtu wa tabaka la chini, hana ruhusa ya kusoma Veda. Alimwachia tenzi na Purana, yaani visa vya kale vya miungu. Tena mcha Mungu ana lake la kuuliza: kama mimi na yeye ni kitu kimoja, ninamwomba nani?

Ramanuja, ambaye mapokeo yanasema aliishi kuanzia 1017 hadi 1137, aliukataa umoja wa namna hiyo. Kwake roho ni halisi, ni nyingi, na zinamtegemea Mungu kama mwili unavyoitegemea nafsi iliyomo ndani yake. Kukombolewa si kuyeyuka. Ni kuishi na Vishnu na kumtumikia bila kurudi tena. Wafuasi wake wanasimulia kwamba mwalimu mmoja wa Tirukkoshtiyur alimfundisha kwa siri maana ya mantra, yaani maneno matakatifu ya kukariri, ya silabi nane, akamwonya kuwa akiitoa ataingia motoni. Ramanuja akapanda mnara wa hekalu, akawatangazia watu wote. Alipoulizwa, akajibu kwamba ikiwa wao wataokoka, yeye na aingie huko motoni. Iwe ilitokea hivyo au la, kisa hiki kinaonyesha wafuasi wake walitaka awe mtu wa namna gani.

Lakini Ramanuja aliacha kazi nusu. Katika ufafanuzi wake mkubwa wa Brahma Sutra, njia ya moksha ni bhakti, yaani kumpenda na kumwabudu Mungu, na bhakti hiyo ni tafakuri ndefu ya kila siku inayokwenda sambamba na ibada za Veda. Mkulima hana nafasi nayo. Katika maandishi mengine yanayohesabiwa kuwa yake, mtu anajitupa tu miguuni pa Mungu na kusema hana njia nyingine. Kujisalimisha huku kunaitwa prapati. Je, nako ni njia, au ni kukiri kwamba njia hakuna? Hapo ndipo warithi wake walipoachana.

Pillai Lokacharya, kinara wa upande wa paka aliyeishi katika karne ya 13 na mwanzoni mwa ya 14, alisema kwamba ukiifanya prapati kuwa sharti, umeigeuza biashara. Mtu asemaye "nimeokoka kwa kuwa nilijisalimisha" amerudi kulekule kwenye hesabu ya karma, ila sasa ana kitu kimoja tu cha kujivunia. Rehema haina sababu. Roho ni mali ya Mungu, na mali ikipotea, mwenye mali ndiye huitafuta. Upande wake ulithubutu zaidi, ukasema Mungu hufurahia hata dosari za mja wake, kama ng'ombe anavyomlamba ndama mchafu aliyezaliwa sasa hivi.

Vedanta Desika, kinara wa upande wa tumbili, ambaye mapokeo yanasema alizaliwa 1268 na kuishi zaidi ya miaka 100, alilishika jambo hilo kwa utulivu wa mwanamantiki. Kutolijali kosa la mja ni rehema. Kulipenda kosa ni jambo jingine. Na kama rehema haina sababu yoyote, mbona huyu ameokolewa na yule hajaokolewa? Ama wote wangekuwa wamekwishaokolewa, ama Mungu ana upendeleo. Kwa hiyo lazima pawe na kisingizio japo kidogo upande wa mja. Hakilingani na zawadi wala hakiinunui, lakini kinampa Mungu mahali pa kuanzia.

Pande zote mbili zinausimamia ubeti uleule, Bhagavad Gita 18:66, ambamo Krishna, yaani Vishnu katika umbo la mwanadamu, anamwambia shujaa Arjuna aache dharma zote, yaani kila wajibu wa dini, amjie yeye peke yake, naye atamwondolea dhambi zote. Vadakalai wanasisitiza kwamba "nijie" ni amri, na amri hapewi asiyeweza kuitii. Tenkalai wanasisitiza "peke yangu": usitegemee hata kuja kwako. Nakiri kwamba nikiusoma ubeti huo siwezi kumtupa yeyote kati yao.

Msomaji wa Kiswahili hapa hayuko ugenini. Mwislamu anajua ubishi wa kadari, kama mja ana uwezo juu ya matendo yake au anaendeshwa. Mkristo anajua ule wa neema na matendo. Na anayepita mbele ya hekalu la Swaminarayan jijini Nairobi yuko jirani na Ramanuja bila kujua, kwa kuwa Sahajanand Swami, mwanzilishi wa madhehebu hayo ya Gujarati, aliandika katika Shikshapatri ya 1826 kwamba msimamo wake ni wa shule ya Ramanuja.

Lakini kuna tofauti moja inayobadilisha mizani, na nashangaa kwamba wanaolinganisha dini huipita haraka. Katika Ukristo na Uislamu mtu ana uhai mmoja hapa duniani. Kwa Ramanuja roho haina mwanzo, na karma yake haina mwanzo. Kila aliye kifungoni leo amekuwa kifungoni tangu milele. Basi paka akiwa hangoji lolote kutoka kwa mwanawe, alikuwa anangoja nini muda wote huo? Tenkalai hujibu kwamba Mungu yu huru na haulizwi. Jibu hilo linamlinda Mungu, lakini linaifanya rehema ifanane na bahati nasibu. Katika swali hili la kuchelewa, Desika ana hoja nzito zaidi, wala sioni namna ya kuizunguka.

Hata hivyo, mantiki si kila kitu. Kwa karne nyingi moksha ilikuwa na walinzi mlangoni, na mfano wa paka uliwanyima kazi. Lokacharya aliandika kwamba kuchunguza tabaka la mja wa Vishnu ni dhambi mbaya mno. Nammalvar, mshairi anayeheshimiwa kuliko wote katika mapokeo haya, hakuwa Mbrahmini, yaani mtu wa tabaka la makuhani, na nyimbo zake za Kitamili huimbwa hekaluni pamoja na Veda za Kisanskriti. Nisizidishe sifa, maana Desika pia alifundisha kwamba prapati iko wazi kwa kila tabaka, na mahekalu ya Tenkalai yaliendelea kuwa na makuhani Wabrahmini na watu waliozuiwa nje. Ndiyo maana B. R. Ambedkar, mzaliwa wa jamii iliyoitwa isiyogusika, hakuhangaika kuchagua kati ya tumbili na paka. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliuacha Uhindu na kuingia Ubudha pamoja na maelfu kwa maelfu ya wafuasi. Kwake, mafundisho yanayoifungua roho huku yakiuacha mwili nje ya lango yalikuwa bado na deni.

Linabaki suala la asiyeweza kushika: mtoto mchanga, mgonjwa aliyepotewa na fahamu, mtu ambaye akili haimwambii tena jina la Mungu. Tenkalai hawana shida naye. Vadakalai nao wana jibu, nalo limo katika desturi yao hadi leo: mwalimu anaweza kufanya prapati kwa niaba ya mwanafunzi, akamkabidhi kwa Mungu na mzigo wake wote. Kwa maneno mengine, mkono unaoshika si lazima uwe wako. Desika angesisitiza kwamba bado ni mkono, na hivyo haki ya Mungu imelindwa. Mimi naona kwamba akifika hapo amemkaribia paka kuliko wafuasi wake wanavyopenda kukubali, na mfuasi wa Tenkalai asingekosa kumuuliza ni nani aliyemwelekeza mwalimu huyo kwa mgonjwa yule.