Adrenalini haifiki moyoni kama hakuna anayekandamiza kifua

Akianguka mtu hadharani na kufariki, swali linaloruka kwanza ni lile lile: ambulensi ilikuwa na dawa? Halafu unatazama video. Watu kumi wamemzunguka, mmoja anampepea, mwingine anammwagia maji usoni, na kifua hakuna aliyekigusa. Inaniuma sana.

Ontario, Kanada, walilipima jambo hili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Huduma iliyokuwa tayari na mashine za kushtua moyo iliongezewa paramediki, yaani wahudumu wa dharura waliofunzwa, wa kuingiza mpira wa hewa kooni na kuchoma dawa mshipani. Waliotoka hospitali wakiwa hai walikuwa asilimia 5.0 kabla, 5.1 baadaye. Kilichookoa watu ni mtu wa karibu kuanza kukandamiza mapema, na moyo kushtuliwa ndani ya dakika 8.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Moyo ukisimama, dawa iliyochomwa mkononi inabaki palepale mkononi, kwa kuwa kinachosukuma damu ni viganja vya anayekandamiza: sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kiinuke chote kabla ya kukandamiza tena. Ukisita, shinikizo la damu linaloulisha moyo huporomoka mara moja, na kulirudisha kunadai mikandamizo kadhaa. Sasa mtazame mtaalamu amepiga magoti kichwani, laringoskopu (kifaa cha kutazama ndani ya koo) mkononi, anasema "subiri kidogo." Mikono inasimama. Sekunde 10 zinapita, 20, mpira haujaingia. Hivyo ndivyo tunavyompoteza mgonjwa huku tukidhani tunampa tiba ya juu. Mashine nayo ichajiwe mikono ikiendelea kukandamiza, waachie wakati wa kushtua tu, kisha warudi papo hapo bila kusubiri kupapasa mapigo.

Mpira ukishaingia, pumzi 10 kwa dakika zinatosha, moja kila sekunde 6. Wengi huminya mfuko wa hewa mbiombio. Kifua kinajaa hewa, damu inashindwa kurudi moyoni.

Adrenalini, dawa inayochomwa moyo ukisimama, siikatai. Miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, na kwa moyo ambao mdundo wake haurekebishiki kwa mshtuo, mapema iwezekanavyo. Utafiti wa Uingereza wa 2018, wagonjwa zaidi ya 8,000, ulikuta asilimia 3.2 ya waliopewa adrenalini wakiwa hai siku ya 30 dhidi ya 2.4 ya waliopewa maji ya chumvi. Ni uhai wa watu, nakubali. Lakini kati ya walionusurika, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31 dhidi ya 17.8, na dawa ilifika kama dakika 21 baada ya simu kupigwa. Ubongo haungoji dakika 21.

Amiodaroni, dawa ya kutuliza mdundo wa moyo, miligramu 300 baada ya mshtuo wa tatu, ina nafasi yake. Kipimo cha kaboni dioksidi katika hewa anayotoa mgonjwa nakipenda zaidi: kikikaa chini ya milimita 10 za zebaki, angalia kwanza kama anayekandamiza amechoka. Abadilishwe kila dakika 2, hata akisema bado ana nguvu.

Na jamani, yule anayekoroma na kutweta kwa vipindi, macho yamegeuka, hapumui kikweli; moyo wake umesimama. Mlaze chali sakafuni, weka kiganja katikati ya kifua, anza.