Nchi "inayoendelea": nani anapima?

Kiswahili husema nchi "zilizoendelea" na nchi "zinazoendelea". Tofauti ni -li- na -na- tu, lakini humo mna dai zito: kwamba hawa wamefika na wale bado wako njiani. Jina lenyewe halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni nani analitoa, na kwa kipimo gani.

Katika Shirika la Biashara Duniani hakuna kipimo. Nchi hujitangaza yenyewe kuwa inayoendelea, kisha hupata nafuu, kama vile muda mrefu zaidi wa kutekeleza makubaliano. Korea Kusini, pamoja na meli na magari yake yanayouzwa dunia nzima, ilijitangaza hivyo, na ni 2019 tu iliposema haitadai nafuu hizo katika mazungumzo yajayo. Wanaolalamika kwamba jina limegeuzwa kichaka cha kujifichia wana hoja, tena nzito.

Umoja wa Mataifa unayo orodha finyu zaidi tangu 1971, ya nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo. Hiyo ina vigezo: pato, afya na elimu ya watu, na wepesi wa uchumi kuyumba. Hata hivyo, Guinea ya Ikweta ilitolewa humo 2017 kwa kigezo cha pato peke yake. Gawanya fedha zake za mafuta kwa idadi ya watu, na kwenye karatasi kila mtu ameshiba. Mtoto aliyekosa darasa haonekani katika hesabu hiyo.

Basi jina lifutwe? Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliacha kulitumia katika takwimu zake za maendeleo, na kweli, kuziweka China na Chad kapu moja hakumsaidii mtu. Lakini kufuta kila kitu kuna gharama. Bangladesh imeweza kutengeneza dawa za bei nafuu bila kubanwa na hataza, yaani haki za wavumbuzi wa dawa, kwa sababu imo katika ile orodha ya Umoja wa Mataifa. Ndiyo maana natetea orodha yenye masharti, siyo hadhi ya kujipa.

Samoa ilipangiwa kutoka kwenye orodha hiyo Desemba 2010. Septemba 2009 tsunami ikaipiga, ikaua watu na kufagia vijiji vya pwani. Umoja wa Mataifa ukaiongezea muda, ikatoka 2014. Wastani wa pato usingeliona wimbi lile.