Uzio wa Nyandarua na Fedha za Mbio za Magari

Kila mwaka, sikukuu ya Madaraka inapokaribia, magari yaliyoimarishwa kwa vyuma hukusanyika mahali fulani katika nyika ya Kenya, mahali ambapo hufanywa siri hadi siku za mwisho. Masharti ya mashindano hayo, yaitwayo Rhino Charge, humshangaza mtu aliyezoea mbio za kawaida, kwa kuwa mshindi si mwenye kasi kuliko wenzake, bali ni yule anayefika katika vituo 13 ndani ya saa 10 akiwa amesafiri umbali mfupi zaidi, jambo linalomlazimu dereva kushuka makorongo na kupanda miamba badala ya kuizunguka. Kabla ya kushindana, kila kikosi sharti kiwe kimechangisha fedha za kiwango kilichowekwa, na anayechangisha nyingi kuliko wote hupewa heshima yake. Fedha hizo huenda kwa shirika la Rhino Ark, lililoanzishwa mwaka wa 1988 kuilinda milima ya Aberdare, au Nyandarua kama wenyeji wanavyoiita.

Wapo wanaouliza, na swali lao si la kupuuzwa, inawezekanaje magari yanayovunja vichaka na kuchoma mafuta yawe ndiyo yanayoutunza msitu. Mimi naona kwamba, pamoja na kelele zake zote, ubia huu wa mbio na uhifadhi umefaulu kwa sababu mbili ambazo waandaaji wengi wa mbio, matembezi na matamasha ya kuchangia mbuga zetu hawazizingatii: tamasha lenyewe halifanyiki ndani ya mbuga, na fedha zake zilipewa kazi moja ambayo mtu yeyote angeweza kuipima kwa macho.

Kazi hiyo ilikuwa uzio wa umeme. Mwanzoni nia ilikuwa kukinga upande wa mashariki wa Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, ambako majangili walikuwa wamewapunguza vifaru weusi vibaya sana, na ambako mashamba yanapakana na msitu bila nafasi yoyote katikati. Shindano la kwanza lilifanyika mwaka wa 1989. Baadaye ikadhihirika kwamba kukinga upande mmoja wa mlima ni kuwahamishia jirani wa upande wa pili ndovu na majangili, hivyo uzio ukaendelezwa kuzunguka safu nzima, mbuga pamoja na misitu ya serikali inayoizingira, hadi ulipokamilika mwaka wa 2009 ukiwa na urefu wa takriban kilomita 400. Serikali ilitia fedha zake, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na lile la misitu (KFS) yakashiriki, na wenyeji wakatoa nguvu kazi. Miaka 20 ya kuchangia kitu kile kile! Katika nchi ambamo mradi wa kuhifadhi mazingira mara nyingi hudumu hadi mfadhili achoke, huo ni ukaidi wa kupigiwa mfano.

Tena faida yake haikuishia kwa vifaru. Maji mengi yanayonywewa Nairobi hutoka katika milima hiyo, kupitia mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, na mito inayoanzia huko huilisha Tana, Athi, Ewaso Nyiro na Malewa iendayo Ziwa Naivasha. Katika milima hiyo pia ndimo walimobaki baadhi ya bongo wa milimani, paa wakubwa wenye mistari myeupe ambao ulimwenguni kote hawapatikani porini isipokuwa Kenya, na ambao idadi yao haifiki 100. Mkulima wa viazi au kabichi aliye mpakani, aliyekuwa akikesha akipiga madebe ili kufukuza ndovu, alipata usingizi. Huyu hakuhitaji kuhubiriwa kuhusu uhifadhi, kwa maana aliuona shambani mwake.

Sasa linganisha na mtindo ulioenea siku hizi, ambapo kampuni hutoa fulana, hutundika mabango langoni mwa mbuga, watu wakakimbia au kuendesha baiskeli asubuhi moja, na mwisho wa siku hundi kubwa ya karatasi ngumu ikapigwa picha. Sisemi matukio ya ndani ya hifadhi ni mabaya yote. Mbio za Lewa, zilizoanza mwaka wa 2000 katika hifadhi ya Lewa ambamo vifaru na simba wanaishi, huendeshwa kwa ulinzi mkali wa askari wa wanyamapori na kwa utaratibu unaoeleweka, na mapato yake yamefika shuleni na zahanati. Lakini tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu inayolindwa nchini Kenya, na mwandaaji asiyeweza kueleza atawanywesha vipi wakimbiaji wake bila chupa hizo hafai kupewa kibali, hata awe na mdhamini tajiri namna gani.

Palipo na udhaifu hata katika ubia wa Nyandarua ni kwenye matunzo. Mfadhili hupenda kuzindua, hapendi kukarabati. Nimetembea kando ya uzio huo upande wa Nyeri, nikamkuta kijana akifyeka nyasi chini ya nyaya kwa panga, hatua kwa hatua, kwa sababu nyasi mbichi zikigusa waya umeme hupotelea ardhini, na ndovu hachukui muda mrefu kulijua hilo. Ndovu hujifunza pia kusukuma nguzo na kukata nyaya kwa pembe zake, ambazo hazipitishi umeme. Kazi ya kijana yule haina picha ya kuchapishwa gazetini, ilhali akiiacha kwa msimu mmoja wa mvua, kilomita zote zile zinabaki kuwa pambo.

Jambo jingine ni uhuru wa mbia kusema hapana. Ulipoletwa mpango wa kuweka lami njia ya kutoka Ihithe, Nyeri, hadi Ndunyu Njeru, Nyandarua, ikipasua mbuga katikati, Rhino Ark ilitoa sauti ya kupinga mkondo huo, ingawa serikali hiyo hiyo ndiyo mbia wake, na ingawa wakazi wengi wa Nyandarua waliitaka barabara kwa sababu za haki kabisa: mazao yao huozea njiani. Niliwaunga mkono waliopinga, lakini sikupendezwa na wale waliozungumza kana kwamba mkulima huyo ni adui wa msitu. Ndiye anayeishi na uzio mlangoni pake, anayehitaji kibali ili apite getini kutafuta kuni au kulisha ng'ombe, na chama chake cha msitu ndicho kinachotambuliwa kisheria kushiriki katika usimamizi.

Kwa hiyo, kabla ya kampuni nyingine kutangaza mbio au tamasha kwa jina la mbuga yoyote, ningetaka mkataba wake utenge sehemu ya mapato kwa ajili ya mishahara ya wafyekaji na mafundi wa miaka ijayo, na hesabu za fedha hizo zisomwe katika baraza la chifu, mbele ya majirani wa mbuga, kabla hazijapelekwa kwa wadhamini Nairobi.