Giza Totoro Tumelichosha

Rafiki yangu ameniletea hadithi yake niipitie kabla hajaipeleka kwenye mashindano. Kurasa 14. Ndani yake kuna usiku saba, na usiku wote saba una giza totoro. Jambazi anapita kwenye giza totoro, bibi anakata roho kwenye giza totoro, na ukurasa wa tisa, hapo ndipo nilipoweka kalamu chini, binti anasoma barua ya mchumba wake uani, kwenye giza totoro, huku mbalamwezi "iking'aa kama mchana". Jamani! Yule binti ana macho ya paka?

Nilipomuuliza akanijibu bila hata kupepesa: "Kwani Kiswahili kina maneno mengine? Wazungu ndio wenye maneno ya mwanga unaofifia. Sisi tuna mchana na usiku, basi." Presha ikanipanda.

Nimpe haki yake kwanza, nisije nikaambiwa nabisha kwa ushabiki. Huku kwetu karibu na ikweta jua halishuki kwa mshazari, linatumbukia. Likishazama, mpaka lifike nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, pale utusitusi ule wa mwanzo unapokwisha, ni dakika 20 na ushei tu. London mwezi wa Juni halifiki hata nyuzi 18, pale mwanga wake wa mwisho unapotoka angani, usiku mzima, kwa hiyo anga haliwi jeusi kabisa mpaka kunakucha. Anayelala na kuamka na utusitusi lazima aupe majina. Haya, hilo kapata.

Ila kusema hatuna? Mtu huyo huyo husema amefanya kazi mchana kutwa, halafu mbu wakamsumbua usiku kucha, wala hajiulizi hiyo "kutwa" ni mdudu gani. Ni kuchwa ile ile, imevaa lafudhi nyingine. Mchana kutwa ni mchana mpaka jua lichwe. Usiku kucha ni usiku mpaka kuche. Kila akilalamikia uchovu wake anayataja machweo na mapambazuko kwa pumzi moja, kisha anakuja kuniambia lugha haina maneno! Na sikiliza: kumekucha, kumekuchwa. Kati ya alfajiri na magharibi pamesimama "w" moja tu. Ukiila hiyo herufi kwa haraka, umemwamsha mtu aliyekuwa anakwenda kulala. Mimi ningekuwa na lugha ya kujivunia kwa neno moja tu, ningechagua hilo.

Shida yake anatafuta majina, wakati kazi hii Kiswahili kimevipa vitenzi. Jua linatua, linazama, linakuchwa. Nuru inafifia. Giza linaingia, halafu linatanda, na hayo si mamoja hata kidogo: giza likiingia bado unamfananisha mtu kwa mwendo wake, likishatanda unamjua kwa kikohozi. Na anayeswali hahitaji kufundishwa. Magharibi inaingia jua likishazama lote, na kwa sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, isha haiingii mpaka ule wekundu uondoke angani. Watu wameukodolea macho mwanga ukifa hatua kwa hatua, kila siku, karne na karne, kabla simu hazijaanza kutukumbusha. Leo tunaambiwa hatuna msamiati.

Juzi nilitoka nje makusudi. Kwenye kamba kulikuwa na shuka jekundu, nyuma yake majani ya mti. Mwanzoni shuka ndilo lililokuwa likipiga kelele, majani hata huyaoni. Baada ya muda likawa kama damu iliyoganda. Kidogo tena, jeusi, na majani bado yana ukijani wao, umefifia lakini upo. Ndivyo macho yalivyo: mwanga ukipungua, zile chembe za jicho zinazotambua rangi huanza kuacha kazi, na zinazobaki zamu ya usiku wekundu hauziingii. Juu, anga halikuwa jeusi. Lilikuwa samawati iliyoiva, inakaribia zambarau. (Samawati yenyewe imetoka kwenye neno la Kiarabu la mbingu, yaani rangi tumeipa jina la mahali pake.) Nikakaa karibu nusu saa mpaka macho yakazoea, nyota zikajaa, na bado nilikuwa naona ukingo wa ukuta na ndoo iliyoachwa nje.

Hilo si totoro. Totoro ni lile la ndani ya shimo, unapeleka mkono usoni na huuoni, kidole kinakuingia jichoni ndipo unajua ni chako. Ni neno zuri mno, ndiyo maana linaniuma kuona linatumiwa kama chumvi. Liweke akiba. Mwandishi akinipa utusitusi, kisha giza linaloingia, kisha giza lililotanda, siku akisema totoro nitaogopa kweli.

Usiku wa manane wake umeangukia saa tatu usiku, lakini hilo nimemsamehe.

Nikamwandikia yote haya, tena kwa urefu kuliko hapa. Amejibu jana: "Nimekuelewa sana kaka, nimerekebisha." Nimeifungua. Usiku saba, giza nene mara saba. Na binti bado yuko uani, anasoma barua.